Uzito wa Siku ya Saba

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na sita asubuhi, tone la kwanza lilidondoka kwenye tangi. La pili lilifuata baada ya sekunde kumi na moja, la tatu baada ya tisa, na kufikia saa moja kasoro robo matone yalikuwa yameungana kuwa uzi mwembamba wa maji usiokatika. Nje ya hema hapakuwa na wingu, kisima wala mti. Ardhi ilikuwa tambarare na nyeupe kila upande, hadi mwisho wa macho.

Hema lenyewe ndilo lililotoa maji. Wahandisi walioliunda waliliita kivunamvuke. Turubai lake lilikuwa na tabaka tatu, na lile la kati lilisukwa kwa nyuzi zenye vitundu vidogo sana na vingi sana, hivi kwamba gramu moja ya uzi, lau ingewezekana kuikunjua, ingetandazika kwenye uwanja mzima wa mpira. Usiku vitundu hivyo vilinasa mvuke, maana hata hewa ya jangwa la Chalbi haikosi mvuke kabisa. Jua lilipopasha turubai, mvuke uliachiliwa, ukapoa kwenye bati la chini, ukawa maji, ukapita kwenye chujio na kuingia tangini. Hema lilitoa lita tisa kwa siku bila injini, bila mafuta na bila mtu kugusa kitu.

Talaso Umuro, mhandisi wa miaka thelathini na minane, alilala chali akiyasikiliza maji hayo. Ilikuwa siku ya saba ya safari ya siku kumi na moja. Alikuwa anavuka Chalbi peke yake kwa miguu, kutoka Kargi hadi Kalacha, kwa njia iliyopindwa makusudi ili isikaribie kisima chochote. Nyuma yake ulifuata mkokoteni wa magurudumu sita uliobeba hema, chakula na vipimo. Haukuwa na dereva. Ulifuata nyayo zake kama mbwa. Kwa masharti ya Kamati ya Uthibitisho, hakuna binadamu mwingine aliyeruhusiwa kuwa karibu naye kwa kilomita ishirini, na hakuna tone la maji ambalo angekunywa isipokuwa lile lililotoka kwenye hema.

Masharti hayo yalikuwa makali kwa sababu hili lilikuwa jaribio la pili. La kwanza, mwaka 2072, lilifanywa na Sora Elema, mhandisi mwenzake. Sora alikutwa amekufa siku ya saba, mita mia nne kutoka kwenye hema lake, na tangi lilikuwa na lita kumi na mbili za maji safi. Ripoti ilisema alichanganyikiwa na jua akatoka ovyo bila kofia: uzembe wa msafiri. Hema halikulaumiwa. Lakini Kamati ilitaka jaribio jingine, na ilisema wazi kwamba likishindikana hilo, mahema mia sita yaliyokuwa ghalani Marsabit hayangefika kamwe kwenye fora, zile kambi za mbali ambako wachungaji wa ngamia hukaa miezi mingi wakinywa chochote wanachokipata.

Talaso aliketi. Kichwa kilikuwa kinamuuma tangu jana jioni. Sasa kilimgonga kama mtu anayetwanga.

"Habari ya asubuhi, Mhandisi," ilisema sauti kutoka kwenye kikuku cha mkononi mwake. Hiyo ilikuwa Mshauri, akili ya mashine iliyopewa kazi ya kulinda afya yake. "Mapigo ya moyo yako juu. Unaonyesha dalili za kiu. Kunywa nusu lita."

Akanywa. Maji yalikuwa matamu, mepesi, hayana ladha yoyote. Dakika kumi baadaye akayatapika karibu na mlango.

"Umepoteza maji," ilisema Mshauri. "Kunywa nusu lita."

Akanywa tena.

Saa mbili kamili redio ya setilaiti ililia. Aliyekuwa upande wa pili ni Mwadime, Mtaita mwenye sauti nzito aliyesimamia mawasiliano kutoka Marsabit. Kanuni hazikumruhusu kumpa Talaso ushauri wowote. Kazi yake ilikuwa kumwita mara tatu kwa siku na kumpa mtihani mdogo wa akili.

"Malkia wa umande, umeamka?"

"Nimeamka."

"Mbona sauti kama ya mtu aliyekesha harusini? Haya. Anzia mia, toa saba, endelea."

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na..." Talaso alinyamaza. Namba ilikuwa mahali fulani, aliiona, haikuja. "Sabini na nane."

"Sabini na ngapi?"

"Nane."

Karatasi ilisikika ikigeuzwa. Mwadime aliporudi hakuwa na mzaha tena.

"Dada Talaso, hiyo si sahihi. Jana ulifika hadi mbili bila kupumua. Kanuni unazijua: kosa moja, naandika. Kosa la pili kwenye wito unaofuata, naleta ndege na mchezo umekwisha. Wito unaofuata ni saa nane mchana."

"Najua."

"Nisikupe ushauri, ila pale mkononi una kitufe chekundu. Hakuna atakayekucheka."

"Sora hakukibonyeza."

"Ndiyo maana nakukumbusha," alisema Mwadime, na laini ikakatika.

Talaso alikitazama kitufe. Kisha alitazama vidole vyake. Pete ya shaba aliyovaa kidole cha kati ilikuwa imebana hadi nyama ikavimba pande zote mbili. Aliijaribu, haikuzunguka. Siku ya kwanza ilikuwa ikicheza.

Alikuwa mtu wa kupima, na kichwa kilichouma hakikumzuia. Sakafu ya hema ilikuwa na mizani, kwa sababu Kamati ilitaka uzito wa msafiri kila asubuhi. Leo alikuwa hajajipima. Alisimama juu yake, akishika mlingoti ili asianguke.

"Mshauri, soma."

"Kilo sitini na mbili na gramu mia tisa."

"Siku ya kwanza?"

"Kilo sitini na moja na gramu mia mbili."

"Taja dalili za kiu."

"Kuumwa kichwa, kichefuchefu, uchovu, kuchanganyikiwa."

"Na uzito wa mtu mwenye kiu hufanya nini?"

"Hupungua."

"Wangu?"

"Umeongezeka kilo moja na gramu mia saba," ilisema Mshauri, bila kusita wala kuona aibu. "Huenda mizani ina hitilafu ya vumbi. Kunywa nusu lita."

Maneno hayo, hitilafu ya vumbi, Talaso aliyajua. Yalikuwa kwenye kiambatisho cha nne cha ripoti ya Sora. Kwenye kumbukumbu za Sora uzito ulianza kilo sabini na nne na kufika sabini na sita na gramu mia moja siku ya sita, na kwa kuwa mtu hanenepi jangwani, waandishi wa kiambatisho walihitimisha kwamba vumbi liliingia kwenye mizani. Walikuwa waandishi watatu. Mmoja wao alikuwa yeye.

Alichukua chupa ya kupimia, akaiweka tupu kwenye mizani, akasoma. Akaijaza maji ya tangi hadi kwenye mstari wa lita moja, akasoma tena. Lita moja ya maji safi ina uzito wa kilo moja, Chalbi kama Marsabit. Tofauti ya vipimo viwili ilikuwa kilo moja na gramu tatu.

Mizani haikuwa na hitilafu. Basi hata ya Sora haikuwa nayo.

Akaketi chini na kulifikiria jambo hilo polepole, kwa sababu haraka ilikuwa haiwezekani. Mwili wake ulikuwa umejaa maji. Kilichopungua ni kitu kingine, na alijua ni kipi, maana ni yeye aliyekiondoa.

Talaso alizaliwa karibu na Kalacha katika jamii ya Wagabra, na utoto wake wote aliunywa kutoka visima vya chumvi. Chai ilikuwa na chumvi, uji ulikuwa na chumvi, nguo zilizofuliwa zilikauka na ramani nyeupe mgongoni. Watoto waliharisha kila msimu. Wahandisi wanne kati ya watano waliounda kivunamvuke walitoka visima hivyo hivyo. Kivunamvuke cha kwanza kilipotoa maji yenye chembe za vumbi la magadi, Talaso alitengeneza chujio lililoondoa kila kitu, na siku kipimachumvi kiliposoma sifuri walipiga vigelegele hadi mlinzi akaja kuuliza nani amejifungua. Kisha wakaondoa chumvi kwenye nyama kavu ya safari pia, kwa sababu chumvi huleta kiu. Mtu kutoka mahali pengine angeuliza swali. Wao hawakuuliza. Kwao chumvi ilikuwa adui, na walikuwa wamemshinda.

Lakini jasho lina chumvi. Kwa siku sita Talaso alitoka jasho na kurudisha maji matupu, lita saba kwa siku, na damu yake ikazimuliwa kama maziwa ya mchuuzi. Maji yalipoizidi damu yaliingia kwenye vidole, kisha kwenye ubongo. Dalili zake zinafanana na za kiu karibu zote. Mashine iliyofundishwa kwa kumbukumbu za watu waliokufa kwa kiu ilisema kunywa, Sora akanywa, dalili zikazidi, ikasema kunywa.

"Mshauri, nyamaza hadi nikuite."

"Sishauri—"

"Nyamaza."

Aliwasha redio kabla ya wakati wake. "Mwadime, andika. Si kiu. Ni upungufu wa chumvi. Tazama uzito wa Sora, siku ya pili hadi ya sita. Mizani yake ilikuwa sahihi."

"Mtu ameshindwa kutoa saba anataka nimwandikie nadharia," alisema Mwadime. Kalamu yake ilisikika ikikwaruza. "Nimeandika. Saa mbili na dakika arobaini na moja. Sasa utabonyeza?"

"Nikibonyeza sasa, hayo uliyoandika yatakuwa maneno ya mgonjwa aliyechanganyikiwa. Kamati itauliza ushahidi uko wapi."

"Na ukifa?"

"Nitakuwa mgonjwa wa pili mwenye mizani mbovu. Nipe hadi saa nane. Si wewe unayenipa, ni kanuni."

"Kanuni zenyewe aliziandika nani? Mawe?" Mwadime alishusha pumzi. "Saa nane, dada. Usizidishe hata dakika moja."

Kilichobaki ni kuipata chumvi, na hapo kulikuwa na ugumu usiotarajiwa kwa mtu aliyesimama katikati ya bonde la chumvi. Weupe wa Chalbi si kitu kimoja. Sehemu kubwa ni magadi, ambayo kiasi kidogo hulainisha maharage na kiasi kikubwa huchoma tumbo. Chumvi halisi ipo, lakini imejificha humo humo, na kwa macho zinafanana.

Baba yake alikuwa mchungaji. Talaso akiwa na miaka tisa alimwona ngamia jike akisimama kando ya birika lililojaa, hanywi, anatafuna mfupa mkavu. Baba hakumsukumia maji. Alimwongoza nusu siku hadi mahali ambapo maji ya mvua ya mwisho yalikaukia, pale palipo chini kuliko pengine, akamwacha alambe. "Hana kiu huyu," alisema. "Ana njaa ya ardhi." Kesho yake ngamia alikunywa.

Ramani ya vimo ilionyesha bonde dogo kilomita moja na mita mia tatu upande wa mashariki. Talaso alivaa kofia, akalikunja hema na kulipakia pamoja na tangi, akaufungua mkono wa mkokoteni, akauegemea. Mkokoteni ulikuwa umeundwa kumfuata. Alilazimika kuugeuza umtangulie, na kila alipolegea ulisimama, ukamngoja. Alianguka mara mbili. Mara ya pili alikaa chini kwa muda asioukumbuka. Kikuku kiliandika dakika kumi na tisa. Mwendo ambao siku ya kwanza ungemchukua dakika ishirini ulimchukua saa moja na dakika hamsini.

Pale bondeni ukoko wa ardhi ulikuwa umepasuka kuwa sahani. Alichukua vipande vinne kutoka sehemu nne na kuvipanga juu ya mkokoteni. Katika chakula chake kulikuwa na pakiti za ukwaju mkavu. Alikoroga pakiti moja kwa maji machache hadi ikawa mchuzi mkali, maana magadi yakikutana na uchachu hutoa povu, na chumvi halisi haitoi.

Kipande cha kwanza kilitoa povu. Cha pili kilitoa povu jingi. Cha tatu kilichelewa, kikatoa. Cha nne kilikuwa kama kioo cha mawingu, chembe zake zina pembe nne. Alikidondoshea ukwaju akainamisha sikio. Kimya. Akahesabu hadi sitini kwa vidole, kwa kuwa hakuiamini tena akili yake kuhesabu. Kimya.

Alikisaga, akapima gramu nne, akaziyeyusha kwenye mafunda machache ya maji, akanywa. Mdomo wake ulijaa ladha ya utoto aliyotumia miaka kumi na mitano ya usomi kuifuta. Baada ya hapo hakunywa maji. Alijilaza kwenye kivuli cha mkokoteni, tangi lenye lita sita likiwa juu ya kichwa chake, na hakunywa.

Saa sita na robo alipima gramu nne nyingine. Saa saba alikojoa kwa muda mrefu kuliko alivyokumbuka kuwahi kufanya, na akaandika kiasi. Saa saba na dakika hamsini aliigusa pete. Ilisogea kidogo.

Saa nane kamili redio ililia.

"Anzia mia," alisema Mwadime, bila salamu. "Toa saba."

"Tisini na tatu. Themanini na sita. Sabini na tisa." Alikuwa polepole, lakini namba zilikuja. "Sabini na mbili. Sitini na tano. Hamsini na nane. Hamsini na moja. Arobaini na nne."

"Endelea."

"Thelathini na saba, thelathini, ishirini na tatu, kumi na sita, tisa, mbili."

Upande wa pili kulisikika kiti kikianguka.

"Mwadime?"

"Nipo. Nimesimama vibaya." Akakohoa. "Rubani alikuwa ameshawasha injini, unajua? Nimwambie nini?"

"Mwambie azime. Anapoteza mafuta."

"Huna hata asante, wewe mwanamke," alisema Mwadime, na alikuwa anacheka.

Jioni ile mizani ilisoma kilo sitini na moja na gramu mia nane. Talaso alilifungua chujio, akafunga nyuma yake kikopo chenye tundu kilichotiwa chumvi ya bonde, akarekebisha tundu hadi kipimachumvi kiliposoma gramu moja kwa kila lita. Aliiita Mshauri na kuipa kanuni mpya: msafiri mwenye dalili za kiu na uzito uliopanda asipewe maji. Mshauri ilirudia kanuni hiyo neno kwa neno. Siku ya nane alitembea kilomita kumi na tisa. Siku ya tisa, ishirini na mbili. Siku ya kumi upepo wa kusini mashariki ulivuma hadi mkokoteni ukasimama mara saba, na bado akamaliza kumi na nane. Namba ya mizani ya asubuhi haikupita sitini na moja na nusu tena.

Alifika Kalacha siku ya kumi na moja, saa tisa na dakika kumi na mbili alasiri, kwa miguu yake, mkokoteni ukiwa nyuma hatua nne. Watu walikuwa wengi kwenye kivuli cha mikoma ya chemchemi. Waliposhangilia, ngamia walishtuka na kuanza kukoroma. Bi Chesang, mkaguzi wa Kamati, mwanamke mrefu asiyependa mikusanyiko, hakumpa mkono hadi alipokagua lakiri zote tatu za tangi.

"Lakiri ni nzima," alisema. "Lakini umeongeza chumvi. Masharti yanasema hakuna kitu kutoka nje."

"Kifungu cha kumi na mbili," alisema Talaso. "Msafiri anaweza kutumia kitu chochote atakachookota jangwani kwa mikono yake."

Bi Chesang alikisoma kifungu, akageuza karatasi. "Nani aliyekipendekeza hiki? Sikumbuki sababu."

"Sora Elema. Alikuwa anafikiria kuni."

Mkaguzi alitazama majedwali ya uzito ya wasafiri wote wawili, moja kando ya jingine, kwa dakika kadhaa. Kisha akachukua kalamu, akakata neno *uzembe* kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti ya 2072, akaandika juu yake sababu mpya ya kifo, akatia saini. Kwenye fomu ya jaribio la pili aligonga muhuri wa kijani: limefaulu.

Kabla ya karatasi hizo kwenda popote, Talaso alizipeleka mwenyewe kwa Mama Sora. Alikuwa mzee mwembamba, ameketi kwenye kigoda nje ya nyumba yake, na hakuwa amekwenda kushangilia. Talaso alimsomea ukurasa wote, pole pole, bila kuruka mstari.

"Kwa hiyo hakuchanganyikiwa kwa ujinga wake," alisema Mama Sora.

"Hapana, mama. Alifuata kila alichoambiwa."

"Miaka miwili watu wananiambia mwanangu alisahau kofia. Mtoto niliyemlea kwenye jua hili." Akaigusa karatasi kwa kidole. "Na chumvi, nani aliyeiondoa?"

"Mimi."

Mama Sora alimwangalia muda mrefu. Talaso hakuinamisha macho.

"Umelisema kwa mdomo wako," alisema hatimaye yule mzee. "Ungeweza kuniacha na ile karatasi yenye kofia." Akanyoosha mkono. "Hayo maji yenyewe yako wapi?"

Talaso alijaza kikombe kutoka kwenye tangi. Mama Sora alionja, akayazungusha mdomoni kama anayeonja ya kisima kipya.

"Yana chumvi."

"Gramu moja kwa lita."

"Kidogo," alisema Mama Sora.

Saa kumi na moja na dakika nne jioni alimaliza kikombe, akakirudisha kijazwe tena.